Barua kwa mdogo wangu: usiisambaze, kairipoti

Kwako mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote tu wazima. Mama amekuwa akiniuliza kila jioni kama umepiga simu, na sasa najua sababu. Ile sauti ya msichana anayelia, akisema wanafunzi wameshambuliwa kwenye njia ya nyuma ya hosteli yenu, imemfikia hata yeye kupitia kundi la WhatsApp la kina mama wa kanisani. Mimi nimetumiwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga chuo chenu.

Nimeisoma pia ilani uliyonipigia picha, ile yenye muhuri iliyobandikwa getini. Chuo kinasema hakijapokea ripoti yoyote na kinawasihi wanafunzi wapuuze uvumi. Umekasirika, na una haki. Kutopokea ripoti hakumaanishi kwamba hakuna kilichotokea. Aliyeiandika angeongeza maneno machache tu: ukiona jambo au ukitendewa jambo, njoo kwa fulani, ofisi fulani, hata kama ni usiku, na jina lako halitatajwa. Chuo kikinyamaza hadi habari ienee kote, halafu kikaibuka na kukanusha, wanafunzi watamwamini nani?

Lakini nikuulize na wewe. Katika kundi lenu lenye mamia ya makomredi, nani amekwenda kuandikisha taarifa polisi? Uliniambia mwenyewe kwamba yuko msichana unayemjua aliyenyang'anywa simu na kushikwashikwa pale. Jina lake limezunguka kila chumba, hadi hataki tena kwenda darasani, na kwenye kituo cha polisi hakuna hata mstari mmoja kuhusu wanaume waliomvamia. Hilo ndilo linaloniuma. Kisa chake wanacho watu wote isipokuwa wale wanaoweza kuwatafuta waliomtenda.

Unajua hofu isiyo na maelezo imewahi kutufikisha wapi. Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Siku kumi baadaye, kabla ya mapambazuko, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka kutoka madirishani. Mmoja alifariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Novemba mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la kuigiza shambulizi, milio ya risasi ikasikika, watu wakaruka tena, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Simlaumu yeyote aliyekimbia. Baada ya Garissa nani asingekimbia? Walichokosa ni sauti wanayoiamini ya kuwaambia mapema kinachoendelea.

Sauti hiyo haitapatikana chuoni kwenu ikiwa ofisi haijui kitu. Kwa hiyo anza na ulichokiona wewe mwenyewe. Andika siku, saa, mahali hasa, taa ipi haiwaki, wanaume walikuwa wangapi, walivaa nini, pikipiki ilielekea wapi. Uliyoyasikia yaandike kando, useme uliyasikia kwa nani. Peleka kwa mkuu wa wanafunzi, umwombe nakala iliyopigwa muhuri, kisha nenda kituo cha polisi uandikishe. Usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Mara nyingi utaambiwa "tutashughulikia", lakini bila namba ile huna pa kuanzia ukirudi kuuliza.

Kuhusu huyo rafiki yako, uamuzi ni wake. Usimsukume, wala usimtaje bila ruhusa yake. Unaweza kuripoti hatari ya njia ile bila kulitaja jina lake. Mwambie tu kwamba utamsindikiza akitaka, na ukaombe askari wa kike amsikilize faraghani. Na kwenye kundi, mtu akilitaja tena jina lake, mwambie alifute, mbele ya wote.

Likitokea kubwa zaidi, Mungu aepushe, mtu akibakwa, aende hospitali kwanza. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Asioge, asifue nguo. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Hapa Kenya namba 1195 ni ya bure kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza baada ya uchunguzi, hailipiwi. Haya yaandike ukutani hapo chumbani, wenzako wayaone.

Ile sauti usiitume kwa mtu mwingine yeyote. Kesho asubuhi nenda na yule mwenzako wa chumba, maana ulisema naye aliwaona wanaume wale. Mkishapata OB, nitumie namba nami nitapiga simu ofisini kwa mkuu wa wanafunzi kama mzazi. Mama nitamweleza mimi.

Dada yako