Nakujibia kabla hujaulizwa

Mwanangu mpendwa,

Nimejiandikisha kuchangia viungo vyangu nikifa. Kadi imo kwenye bahasha ya hati zangu, lakini mara nyingi madaktari huwauliza jamaa hata kama kadi ipo. Atakayeulizwa ni wewe.

Ulipozaliwa, mama yako alivuja damu nyingi sana. Nilisimama pembeni wakimtundikia mfuko wa damu, nikausoma: kundi, namba, tarehe ya mwisho wa matumizi. Jina la mtu hakuna. Damu ya namna ile haihifadhiwi zaidi ya siku 42, maana yake wiki chache tu kabla yako, mtu fulani alinyoosha mkono akatoa mililita zipatazo 450 na kwenda zake. Yeye hatujui sisi, na sisi hatutamjua kamwe. Ndiyo maana unaniona nikienda kuchangia kila muda wangu ukifika.

Damu mwili huirudisha. Moyo haurudi, na hapo ndipo ninapotaka unielewe vizuri. Huenda ukanikuta kitandani kifua kinapanda na kushuka, mkono wangu una joto, useme baba bado yupo. Mwanangu, ikithibitishwa kwamba ubongo umekufa, nimekufa. Ile ni mashine inapumua. Si kama koma, yaani kupoteza fahamu kabisa, ambayo mtu anaweza kuzinduka. Na wanaothibitisha kifo si wale wanaopandikiza viungo. Waulize maswali yako yote, warudie hata mara tatu, ni haki yako.

Namfikiria sana mzee Edward Darvall wa Cape Town. Desemba 1967 gari liliwagonga mkewe na binti yake Denise, wa miaka 25. Mke akafa palepale. Ubongo wa Denise ukawa hauna tena matumaini. Siku ileile madaktari wakamwomba moyo wa mwanawe wampandikizie mgonjwa, jambo ambalo wakati ule lilikuwa halijawahi kufanyika kwa moyo wa binadamu. Akakubali. Mgonjwa huyo, Louis Washkansky, aliishi na moyo ule siku 18, na figo moja ya Denise akapewa mtoto wa miaka 10. Kinachoniuma ni kwamba mzee yule ilibidi aamue peke yake, katikati ya msiba wa watu wawili, bila kujua binti angetaka nini. Wewe sitaki yakukute hayo.

Basi jibu ni ndiyo. Macho pia, konea (utando angavu wa mbele ya jicho) za mzee aliyevaa miwani zinafaa. Wakisema ini au figo hazifai, usisikitike, wachukue kinachofaa. Wakimaliza watanishona, mtanizika kama kawaida.

Wewe mwenyewe sikulazimishi. Utaamua kwa wakati wako. Ila mwonyeshe dada yako barua hii wiki hii, asije akayasikia kwa mara ya kwanza hospitalini.

Akupendaye,
Baba