Usimwage chumvi kwenye nyasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Watu wengi sasa wanataka kuachana na kemikali kwenye nyasi za nyumbani, na hilo linatia moyo, maana ni hapo hapo watoto wanapogaragara, na kinachonyunyiziwa nje huingia ndani na viatu. Kinachosikitisha ni ushauri wanaopewa: changanya siki, chumvi na sabuni ya kuoshea vyombo, kisha nyunyizia magugu. Ushauri huu unaharibu nyasi kuliko unavyoziokoa.

Chumvi haiozi. Ukiimwaga inakaa ardhini mpaka maji mengi yaisukume chini, na kwenye udongo wa mfinyanzi sodiamu yake hutawanya chembe za udongo, uso ukaganda kama sakafu na maji yakatuama juu. Siki ya jikoni nayo ina asidi ya asetiki asilimia 5 hivi. Inaunguza kila jani inaloligusa, la gugu na la nyasi, lakini mzizi wa gugu la kudumu unabaki mzima. Baada ya wiki mbili gugu linachipua tena, na safari hii nyasi zilizokuwa zikilibana zimekufa. Anayetoka kwenye dawa ya dukani na kuingia kwenye siki amebadilisha chupa tu. Magugu huzuiwa na nyasi zilizosongamana, na nyasi husongamana kutokana na unavyozikata, unavyozimwagilia na unavyoulisha udongo wake.

Nianze na kukata, kwa sababu makosa mengi yapo hapo na kuyarekebisha ni bure. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mara moja. Ukitaka zibaki sentimita 6, zikate zikifika 9. Nyasi za majani mapana zikae kati ya sentimita 6 na 8. Ukoka, wenye majani membamba na unaotambaa, unastahimili 3 hadi 4. Mmea unajipikia chakula kwenye jani. Ukilinyoa mpaka shinani, mizizi nayo inafupika, jua linapiga udongo moja kwa moja, na mbegu za magugu zilizolala gizani zinaamka. Wengi hukata chini kabisa ili wasirudie mapema, halafu muda waliouokoa wanaumalizia kwenye kupalilia.

Siku mbili baada ya kukata, piga magoti uangalie ncha za majani. Kisu kikali cha mashine huacha mkato ulionyooka, kijani mpaka ukingoni. Kisu butu huchana, na ncha inabaki na nyuzinyuzi nyeupe ambazo baadaye hugeuka kahawia. Ukisimama mbali unaona kiwanja kizima kimepauka, na hapo ndipo mwenye nyumba anapokimbilia mbolea wakati alichohitaji ni tupa. Kuvu pia hupenya kwenye majeraha hayo. Noa kisu kila baada ya saa 10 hivi za kazi, ukiwa umeshachomoa waya wa plagi kama mashine ni ya petroli, au waya wa umeme kama ni ya umeme. Ukimaliza, kitundike kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati: upande unaoshuka ni mzito, uongezee tupa mpaka kitulie sawasawa, la sivyo mashine itatetemeka na kuua beringi. Kwa kiwanja kidogo, mashine ya kusukuma kwa mkono inatosha kabisa na hukata kama mkasi, ila haiwezi nyasi zilizoachwa zikarefuka.

Majani yaliyokatwa yaache hapo hapo. Sehemu kubwa yake ni maji, yanaoza upesi, na yanaweza kurudisha hata robo ya naitrojeni inayohitajiwa na nyasi kwa mwaka. Watu huogopa kwamba yatajenga lile tabaka la sifongo linalokaa juu ya udongo. Tabaka hilo hutokana na vishina na mizizi iliyokufa, na huwa nene zaidi pale nyasi zinaposhindiliwa mbolea ya viwandani. Kitu cha kuangalia ni mafungu yenye unyevu: yakilala siku kadhaa yanaua nyasi zilizo chini yake kwa kuzinyima hewa na mwanga, hivyo yatawanye kwa reki.

Kuhusu maji, kipimo cha kuanzia msimu wa joto ni sentimita 2.5 kwa wiki, mvua ikiwemo. Panga makopo matano au sita yenye kuta zilizonyooka kwenye eneo linalofikiwa na kinyunyizio, fungua maji, hesabu dakika mpaka wastani ufike sentimita 2.5. Hizo ndizo dakika zako za wiki. Zigawe mara mbili, basi. Kumwagilia kidogo kila siku hufundisha mizizi kukaa juu, na wiki moja ya kiangazi inazimaliza nyasi hizo. Mwagilia alfajiri, kwa sababu jani linalolala na maji usiku kucha ni karamu ya kuvu. Baadaye chomeka bisibisi ndefu ardhini: ikizama sentimita 15 bila kulazimishwa, maji yamefika. Ikigoma njiani, ama maji hayajatosha ama udongo umeshikana.

Udongo ulioshikana hautibiki kwa mbolea ya aina yoyote. Chukua uma wa bustani, toboa mashimo ya sentimita 8 hadi 10 kwenda chini, ukiacha sentimita 10 au 15 kati ya shimo na shimo, na kila ukichoma uutikise kidogo. Fanya hivyo udongo ukiwa na unyevu wa kiasi. Ukiwa tope, kuta za mashimo zinalainika kama chungu kilichosuguliwa na maji hayapiti.

Mashimo yakiwa bado wazi, tandaza mboji. Ichekeche kwa wavu wa matundu ya sentimita 1, na unene usizidi hiyo sentimita moja. Nusu yake inatosha kwa kawaida. Kwa mita za mraba 100, nusu sentimita ni nusu mita ya ujazo, yaani toroli 8 hivi za lita 60. Fagia kwa ufagio mgumu mpaka ncha za majani zionekane tena, maana nyasi zilizofunikwa kabisa hugeuka njano. Mboji iwe imeiva: harufu ya udongo wa msituni ni sawa, harufu kali ya mkojo inaonyesha bado, na itaunguza. Samadi mbichi usiiweke kabisa, kwani inaunguza na tena inaleta mbegu za magugu zilizopita salama tumboni mwa mnyama. Lundo linatakiwa lipate joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa, likigeuzwa ili kilichokuwa nje kiingie katikati.

Hapa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Baadhi ya dawa za magugu, kama klopiralidi na aminopiralidi, hubaki kwenye nyasi kavu, hupita tumboni mwa mnyama na bado hukutwa kwenye mboji. Mtu anayekimbia kemikali anaweza kuzileta nyumbani kwa toroli bila kujua. Kipimo chake ni rahisi. Jaza vyungu vitatu kwa mboji unayoitilia shaka, iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo safi, na vingine vitatu kwa udongo safi peke yake. Panda maharage kwenye vyote, subiri wiki tatu. Majani mapya kwenye vyungu vya mboji yakijikunja kama kikombe na vishina vikipinda, huku vile vingine viko sawa, usiipokee mboji hiyo. Nyasi zenyewe hazitaonyesha dalili, kwa sababu dawa hizi huua mimea ya majani mapana isiyo ya jamii ya nyasi. Watakaoumia ni maharage, nyanya na maua yako.

Ndago inataka subira ya pekee. Ukiing'oa kwa mkono, uzi unaoishikilia ardhini unakatika na viazi vyake vidogo vilivyotulia chini vinachipua. Chimba kwa uma sentimita 15 hadi 20, ufuate uzi, na urudi kila wiki mbili kabla miche mipya haijatunga viazi vingine. Usivitupe kwenye lundo la mboji.

Wadudu huhofiwa kupita kiasi. Mahali penye mabaka makavu kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, kikunje kama zulia, hesabu mabuu meupe yaliyojikunja. Yakiwa chini ya matano, rudisha kipande, mwagilia, achana nayo. Nyasi zenye mizizi mirefu zinavumilia.

Msimu wa kwanza nyasi zitapungua rangi, hasa zile zilizozoea yurea. Hiyo ni kawaida, na wengi hurudia mfuko wa mbolea hapo hapo, wakati udongo ndiyo kwanza unaanza kufanya kazi. Chini ya miti yenye kivuli kizito, pale jua lisipofika hata kwa muda wa saa nne kwa siku, usipoteze mbegu. Panda mimea inayopenda kivuli.

Na zile chupa zilizobaki stoo, Mhariri, zisimwagwe kwenye mtaro wala chooni, wala dawa isihamishiwe kwenye chupa ya soda, ambako mtoto ataiona ni kinywaji. Ibaki kwenye chupa yake yenye lebo, ifungwe kwa kufuli, mpaka ipelekwe kwa wanaopokea taka za sumu.

Wako,
Mtunza bustani