Mwanangu, umeme usiuache

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako umefika, na mama yako alishawasomea majirani kabla mimi sijaumaliza. Nimefurahi kuliko nilivyoweza kusema kwenye simu. Kwenda Ujerumani kujifunza giaboksi za haidroliki za vichwa vya treni, hilo katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kulifikia. Lakini ile fomu nimeiona. Umetia alama kwenye haidroliki peke yake, na sehemu ya umeme umeiacha wazi. Kaka yako anasema ulimwambia umeme si wako. Nani kakwambia?

Mtu aliyeanzisha hiyo kazi unayoipenda, Hermann Föttinger, alisomea umeme. Alikuwa kwenye kiwanda cha meli cha Vulcan, mjini Stettin, na shida yao ilikuwa kwamba tabaini ya mvuke inazunguka kasi mno kuliko pangaboi la meli. Kwanza alifikiria kuipitisha nguvu kwa umeme. Kisha akaona pampu na tabaini zinaweza kukaa ndani ya ganda moja, kimiminika kikabeba nguvu bila chuma kugusana na chuma. Ndiyo konvata hiyo. Uvumbuzi huo aliusajili 1905. Asingekuwa na umeme kichwani, angepima uzuri wa wazo lake kwa kitu gani?

Wajerumani wakalipeleka relini. Mwaka 1935 wakaunda V 140 001, kichwa cha treni chenye nguvu za farasi 1,400, na 1953 ikatoka V 200 yenye injini mbili nyepesi za kasi, kila moja na giaboksi yake. Wepesi ndio uliowavuta Waingereza wa Western Region, kanda ya magharibi ya reli zao. Vichwa vyao vya haidroliki vya Warship vilivyoanza 1958 vilitoa farasi 2,000 na ushei kwa uzito wa tani 80 hivi. Mwaka huohuo kampuni ya English Electric ilitoa kichwa cha dizeli-umeme, yaani dizeli inazungusha jenereta na mota za umeme zinazungusha magurudumu: farasi 2,000, tani 133. Zaidi ya tani hamsini za chuma unazipandisha kila mlima na hazikuingizii senti! Mimi nawaelewa kabisa waliochagua haidroliki.

Na bado hazikudumu. Vichwa vyao vingine vya haidroliki, aina ya Western, vya farasi 2,700, vilianza 1961, na Februari 1977 vya mwisho vikaondolewa. Utaambiwa sababu ni gharama: injini mbili za kutunza, giaboksi mbili, na vipuri vya peke yao wakati sehemu nyingine za nchi zimekwenda na dizeli-umeme. Ni kweli. Lakini shika na hili: mabehewa mapya yalitaka kupashwa joto kwa umeme, na vichwa vile vilikuwa na boila ya mvuke tu. Sasa tazama kichwa cha 218 cha Wajerumani, kilichoanza 1968. Ni haidroliki vilevile, ila waliiwekea jenereta ya kulisha mabehewa umeme, na nyingine zinafanya kazi mpaka leo. Unaona ninakokwenda. Haidroliki iliyokubali kukaa na umeme ndiyo iliyozeeka kazini.

Wamarekani nao walijaribu. Kampuni za reli za Southern Pacific na Rio Grande ziliagiza kutoka Krauss-Maffei ya Ujerumani vichwa vya haidroliki vya farasi 4,000, vikafika 1961. Kwenye milima na mahandaki ya Sierra Nevada, hewa nyembamba na ya moto, injini zikateseka. Kabla ya 1970 kazi ilikuwa imekwisha.

Ya hapa kwetu unayajua, ila hukuwapo. Vichwa vilivyokuja na reli ya TAZARA kutoka Qingdao, China, vilikuwa haidroliki, na ule mpando wa Mlimba kwenda Makambako ulivizidi nguvu. Mwaka 1983 vikaja vichwa vya U30C vya kampuni ya Krupp ya Ujerumani, dizeli-umeme. Nilikuwa kijana karakanani. Waliokuwa wamejifunza mota waliitwa majina asubuhi. Sisi wengine tulisubiri kuambiwa cha kufanya, na wengine tulisubiri miaka mingi. Basi.

Kwa hiyo jaza umeme. Sikukatazi haidroliki, maana naijua raha ya konvata inapojaa oili na mzigo mzito ukaanza kusogea bila kushtuka. Mkono wako ni mwepesi kuliko wa kaka yako, na sikio lako la kusikia beringi mbovu sikukufundisha mimi. Ila una haraka. Unafunga kifuniko kabla hujalitazama chujio, na mtu akikuuliza unanuna. Huko usinune. Uliza hata kama Kijerumani chako kinakatikakatika. Oili ikianza kupata moto kupita kawaida, usingoje mkubwa aje, sema. Na ule unene wa koti alionunua mama yako ni wa Makambako, si wa huko. Tafuta jingine ukifika.

Presha ya mama yako imetulia, dawa anameza. Bati la jikoni limepeperuka upande mmoja, fundi nimempata anataka elfu themanini, namngoja ashuke. Mahindi tumevuna, magunia mawili nimemwekea shangazi yako kwa ile ada aliyokulipia kidato cha sita. Ukipata nafasi mpigie, analalamika kuwa umemsahau. Hivi fomu si inafungwa Ijumaa? Nipigie ukishaijaza, yote mawili, haidroliki na umeme, nisikie kwa sauti yako.

Na ufunguo wa stoo uliondoka nao. Mpe kondakta wa basi la Jumatano, nitampokea stendi, maana mbolea imo humo na mvua inakaribia.

Baba yako