Mpwa wangu, yule mama kwenye picha hakuwa yaya

Mpwa wangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka Dar. Sura zote za riwaya yako ulizonitumia nimezisoma, na unajua kuandika. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni, na kwa kuwa vijana wengi wa asili yetu, Wahindi wa Afrika Mashariki, wanaandika hadithi kama yako huko Toronto na Leicester, nimeona nikuandikie hadharani.

Mtu akikusoma atadhani ukoo wetu ulitoka Kutch, India, haujachanganyika na yeyote, ukafika Kanada hivyo hivyo, na huko ndiko yalikoanza mambo ya kuchanganyika. Simulizi ya namna hiyo ina wenyewe, na Jhumpa Lahiri ameiandika vizuri mno katika riwaya yake The Namesake, juu ya Wahindi waliohamia Marekani. Mwanzoni tu, Ashima, mjamzito, yuko jikoni Marekani anachanganya Rice Krispies (punje za mchele uliovimbishwa), karanga na kitunguu, anatia ndimu na pilipili, akiitafuta ladha ya kitu kinachouzwa barabarani Calcutta. Hana muda mrefu tangu ahame. Kwake mchanganyiko unaanzia kwenye bakuli lile.

Kwetu ulianza zamani zaidi. Wazee walikuja na majahazi kwa upepo wa kaskazi, wengi bila wake, wakafungua maduka pwani na wakazaa huku huku. Mwandishi M.G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar, alilitaja hili waziwazi mwaka 1989 katika riwaya yake The Gunny Sack. Dhanji Govindji, mfanyabiashara wa Kihindi, anazaa na Bibi Taratibu, mwanamke aliyekuwa mtumwa, na mtoto anaitwa Huseni. Huseni anapotoweka, baba anamtafuta miaka na miaka, anamaliza mali yake na hata fedha za jumuiya yake. Salim anayetusimulia yote hayo ni wa uzao wa Huseni. Kinachoniuma ni kwamba Bibi Taratibu tunamwona kidogo sana. Mahangaiko ya baba tunayajua. Ya mama natamani ningeyasikia.

Vassanji huyo huyo, katika The In-Between World of Vikram Lall (2003), anawaweka Deepa, msichana wa Kihindi, na Njoroge, mvulana wa Kiafrika, watoto waliofahamiana tangu utotoni Nakuru. Wanapopendana ukubwani, mama yake Deepa anakataa katakata. Hapo ndipo penye kidonda. Kuku paka kila mtu anamsifu, nazi ya pwani na bizari ya Bara Hindi katika sufuria moja, na waandishi wengi huishia hapo kwa sababu chakula hakimuudhi mtu. Nakusihi usiishie hapo.

Sasa nije kwenye sura yako ya pili. Ile picha ya dukani Pangani umeieleza vizuri: wazee wameketi vitini, vitambaa vimekunjwa nyuma yao, na mama wa Kiafrika aliyejifunga kanga amesimama kando ya mlango. Umemwita yaya. Najua ndivyo ulivyoambiwa, kwa sababu hata mimi niliambiwa hivyo. Mama yule ndiye aliyemzaa babu yetu, yaani babu yangu mimi na mama yako. Vitini hakuwekwa.

Mwaka 1971 majumba yalipotaifishwa hapa, na mwaka uliofuata Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, wazee wetu waliogopa, wakafunga mizigo. Siwalaumu kwa kuondoka. Ila katika nyumba yetu hakuna aliyethubutu kusema kwamba sisi mama yetu kazikwa Pangani, kwa kuwa walikwisha kumficha muda mrefu. Hofu hiyo ndiyo hadithi yako, mpwa wangu, kuliko theluji na kuliko yule mvulana wa shuleni uliyemwandika.

Iandike upya sura hiyo. Mpe mama yule maneno yake, mpe hasira, mpe mzaha, aonekane akipima mchele na kumkatalia mteja mkopo. Jina lake analijua bibi yako wa Tanga. Mpigie baada ya magharibi, huko kwenu itakuwa karibu na adhuhuri, wakati huo huwa hana wageni. Muulize na habari ya ile kesi ya shamba la minazi, maana mimi niliisikia nusu tu.

Mjomba wako