Wataalamu wa nje wafike hadi Ukiriguru

Mhariri,

Wataalamu wa kigeni wanaokuja kuijengea uwezo Wizara ya Kilimo tunawapokea kwa mikono miwili. Ila wasiishie kwenye semina za Dodoma. Waje kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, hapa Misungwi, zilikozaliwa mbegu zetu za pamba za UK (yaani Ukiriguru), wakae na watafiti wetu mpaka ujuzi ubaki. Wajapani walifanya hivyo Moshi kwenye mpunga: waliwafundisha wakufunzi wetu, nao wakawafundisha wakulima.

Huku mihogo inatuumiza kwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Unachimba muhogo, kwa nje umenona, ukiukata ndani una madoa makavu ya rangi ya kutu. Haufai hata kwa udaga, yaani muhogo wa kuvundika na kukausha. Afisa ugani ana moyo wa kazi, lakini pikipiki haina mafuta. Msaada uanzie hapo.

Mkulima,
Misungwi, Mwanza