Elki wako wa kwanza Colorado: panga nyama kabla ya kupanga risasi

Kila Oktoba tunapokea hapa buchani kwetu, Greeley, pikapu zenye elki, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, ambaye ngozi bado iko mwilini na paja limeshaanza kunuka. Mara nyingi mwenye mzigo ni mtu aliyejiandaa: bunduki nzuri, darubini nzuri, viatu vya mlimani. Asichokipanga ni zile saa zinazofuata baada ya mnyama kuanguka. Ndiyo maana tunaandika mapema, hasa kwa ndugu zetu ambao mwaka huu wanaenda kuwinda mbali na barabara kwa mara ya kwanza.

Tuanze na uzito. Dume mkubwa wa elki katika milima ya Rocky hufika kilo 300 na zaidi, na jike hukaribia 225. Ukishatoa ngozi, matumbo na mifupa, dume hukuachia kama kilo 90 hadi 110 za mnofu. Mtu mwenye nguvu akibeba kilo 25 mgongoni kwenye mwinuko wa mita 3,000, ambako pumzi hukata hata kwa mtu asiyebeba kitu, hiyo ni mizigo minne au mitano. Sasa chukua mizigo mitano na gari lililo kilomita 5 kutoka hapo. Utatembea kilomita 45, na 25 kati ya hizo ukiwa na nyama mgongoni. Kwa mtu mmoja hiyo ni kazi ya siku mbili au tatu.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: ukiwa peke yako, usiwinde zaidi ya kilomita 3 kutoka kwenye gari, hata ukiwasikia madume wanalia bonde la pili. Mkiwa watatu mnaweza kwenda mbali zaidi. Wapo wenye farasi wanaobeba nyama kwa malipo, lakini elewana nao kabla ya msimu, na hakikisha wamesajiliwa na jimbo. Toroli usilitegemee. Maeneo yaliyoandikwa Wilderness kwenye ramani, yaani pori linalolindwa kisheria, hayaruhusu gurudumu la aina yoyote, hata la kusukuma kwa mkono.

Kinachoharibu nyama zaidi ni joto la mnyama mwenyewe. Manyoya mazito yanayomkinga na baridi akiwa hai ndiyo yanayofungia joto ndani akishakufa. Hata theluji ikiwa chini, paja la nyuma likiachwa na ngozi yake huanza kuchacha kwenye kiungo cha nyonga, ndani kabisa. Ukilitazama kwa nje ni jekundu, safi. Tukipitisha kisu mpaka mfupani, harufu inatoka na rangi pale imeshakuwa ya kijani na kijivu. Sehemu hiyo tunaikata na kuitupa, na inatuuma kama inavyomuuma mwenyewe.

Fanya hivi. Kabla ya kushika kisu, tia saini na tarehe kwenye kibandiko cha leseni yako, kama sheria inavyotaka. Mlaze mnyama ubavu, pasua ngozi kufuata uti wa mgongo, kisha ichune kushuka kuelekea tumboni. Bega la mbele halijaungwa kwa mfupa, kisu kitalitoa lote. Fuata paja la nyuma, halafu sarara yote kutoka nyonga hadi shingoni, halafu nyama ya shingo yenyewe. Mgeuze urudie upande wa pili. Mwisho, pitisha mkono nyuma ya ubavu wa mwisho, utoe ile minofu miwili laini ya ndani. Tumbo huna haja ya kulipasua. Acha kiungo cha kuthibitisha jinsia kikiwa kimeshikamana na nyama, maana askari wa wanyamapori watakitafuta.

Weka kila kipande kwenye mfuko wa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Mifuko ya takataka iache nyumbani. Tundika kivulini, karibu na kijito ambako hewa baridi hushuka usiku, na mbali na mzoga, kwa sababu dubu weusi huufuata. Kwenye gari uwe umeacha makasha makubwa ya barafu yenye madumu ya maji yaliyogandishwa. Madumu ni bora kuliko barafu ya vipande kwa sababu nyama hailowi.

Kuhusu leseni, maombi ya bahati nasibu inayogawa leseni hufungwa mwanzoni mwa Aprili. Aliyezaliwa mwaka 1949 au baadaye anahitaji cheti cha mafunzo ya uwindaji. Msimu wa bunduki unavaa rangi ya machungwa au ya waridi inayong'aa, inchi za mraba zisizopungua 500 kifuani na mgongoni, pamoja na kofia ya rangi hiyo. Walio hapa kwa viza za muda, wanafunzi kwa mfano, wawe waangalifu zaidi: sheria ya Marekani kwa kawaida inawakataza kushika bunduki, na leseni halali ya kuwinda ni moja ya njia chache zinazowaruhusu. Muulize mwanasheria kwanza.

Usikitupe kichwa. CWD, ugonjwa unaoharibu ubongo wa elki na kulungu, uliogunduliwa kwa kulungu hapa jirani Fort Collins mwaka 1967, hupimwa kwa sampuli za kichwani, na kupika hakuuondoi. Haujathibitishwa kumpata binadamu, lakini wataalamu wanashauri nyama iliyokutwa nao isiliwe. Sisi hatuchanganyi nyama ya mteja mmoja na ya mwingine, na tunaweza kukuhifadhia yako mpaka majibu yatoke.

Tunakata mishkaki, nyama ya kusaga, steki na mbavu za kuchoma. Kuuza nyama ya elki aliyewindwa hapa ni kosa, hata kilo moja kwa jirani, kwa hiyo tusiombwe kuiweka dukani.

Msimu wa pili wa bunduki, mwishoni mwa Oktoba, ndipo friza zetu hujaa. Ukishuka mahali penye mtandao, piga simu utuambie una vipande vingapi na vilitolewa kwenye mzoga saa ngapi, tukuwekee nafasi kabla hujafika.