Michoro ya bustani kongwe isiachwe stoo

Mhariri,

Naomba nafasi kuzungumzia michoro ya bustani za umma, yaani ramani zinazoonyesha miti, njia na mabomba yalipo. Bustani kama Forodhani ya Unguja, iliyotengenezwa mwaka 1936 kwa jubilei ya Sultani Khalifa bin Haroub, imepita mikono mingi hadi ukarabati wa 2009. Mchoro ukikosekana, mkandarasi hukata mabomba ya maji ya mvua yaliyofukiwa zamani, na miti iliyopandwa kwa mpangilio hung'olewa ikidhaniwa imeota yenyewe.

Adui mkubwa ni stoo yenyewe. Ile michoro ya bluu yenye mistari myeupe hufifia ikikaa kwenye mwanga, na alkali, yaani kemikali za aina ya chokaa, huiharibu kabisa. Kwa hiyo isiwekwe kwenye majalada yaliyotiwa chokaa ya kuzuia tindikali, ingawa majalada hayo hufaa kwa karatasi nyingi nyingine. Kopi za diazo, zile zenye mistari ya zambarau au kahawia, hutoa kemikali zinazochafua karatasi jirani. Zitengewe droo yao. Selotepu isiguse mchoro wowote: gundi yake hugeuka kahawia na kupenya hadi upande wa pili. Laminesheni ni mbaya zaidi, maana haibanduki bila kuharibu karatasi. Mchoro uliokunjamana kwa ukavu usilazimishwe kunyooka, utapasuka. Mwachieni fundi wa nyaraka aulainishe kwa unyevu.

Mkipiga skani, pigeni kwa rangi, nukta 300 kwa inchi au zaidi, mbele na nyuma. Mara nyingi nyuma ndipo msimamizi alipoandika kuwa mwarobaini umehamishwa au njia imepindishwa.

Kisha namba. Ofisi ya Frederick Law Olmsted, mmoja wa wabunifu wa Central Park ya New York, iliipa kila kazi namba moja, ikatumika kwenye michoro, picha na barua. Leo michoro iko Brookline, Massachusetts, na barua nyingi ziko Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, lakini kwa namba hiyo mtafiti huviunganisha. Kwetu mchoro hukaa idara ya ujenzi, orodha ya miche idara ya mazingira, barua masijala, na hakuna kinachoviunganisha.

Naziomba halmashauri ziweke kipengele kimoja kwenye mikataba: mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho kabla hajakabidhi mchoro wa kazi ilivyofanyika hasa, pamoja na orodha ya miti kwa majina ya kisayansi na mahali ilipopandwa.

Mdau wa nyaraka,
Dar es Salaam